Kokoto zangu zimemezwa na udongo mweusi. Nitandike nini uani kabla ya Disemba?

MamaTatu_Nyamasaria

Hamjambo wadau. Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya muda mrefu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nakaa Nyamasaria, hapa Kisumu, upande wa chini ambako udongo ni mweusi tititi. Anayeujua anaujua. Kiangazi unapasuka mpaka kiganja chote kinaingia ufani, na mvua ikinyesha unageuka gundi. Watoto wangu wakifika getini huvua viatu wakavibeba mkononi, maana sandak ikizama hapo mguu unatoka peke yake.

Mwaka jana nikasema imetosha. Zamu yangu ya chama ilipofika niliagiza lori la kokoto, tani saba, zikamwagwa kutoka getini hadi barazani. Kijana mmoja alizisambaza kwa reki kutwa nzima. Wiki mbili nilitembea uani kama mwenye hoteli. Mvua za Aprili zikaja, gari la gesi likaingia, likageuza, na tangu siku ile kokoto zikawa zinapungua tu. Nikadhani zinaibwa! Nilimshuku hata yule kijana wa reki, Mungu anisamehe. Juzi nachimba shimo la mgomba, jembe likagonga kitu. Kumbe ndizo hizo, shubiri moja chini, zimejipanga ndani ya tope kama njugu kwenye kashata. Zote zipo. Pesa ya chama niliichimbia kaburi mimi mwenyewe.

Sasa Disemba nina wageni. Ni binti yangu wa kwanza, upande wa kijana wanaleta ayie, ile sehemu ya mahari ya Kijaluo anayopewa mama, na mnajua siku hiyo ni ya mama wa binti. Sitaki wazee washuke kwenye gari na suti zao kisha waanze kurukaruka kama vyura.

Uwanja wa mbele ni mita 12 kwa 9. Katikati kuna mti wa siala alioupanda marehemu mama mkwe, huo sikati hata nikilipwa. Watu wanne wamenipa ushauri wa namna nne: kabro (vile vitofali vya zege vya kutandika chini) uwanja mzima, mawe meupe yale madogo ya kuuzwa kwa gunia, nyasi za Pemba, na shemeji yangu anasema mwaga zege umalize maneno. Pesa niliyo nayo ni ya kufanya kitu kimoja kikafanyika vizuri. Ningekuwa ninyi ningefanya nini?

KijanaWaKondele

Mathe pole, lakini hiyo ya kashata nimecheka mpaka makanga akanitazama. Mimi ningepanda nyasi tu. Na ukitaka mawe makubwa ya kupendezesha, tafadhali usiende na toroli kwenye yale mawe matakatifu ya Kit Mikayi. Wazee wa Seme hawatakuuliza mara mbili.

FundiKabro_Mamboleo

Mama, kutandika kabro ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo ningefaa kukwambia utandike uwanja mzima. Mita 12 kwa 9 ni mita 108 za mraba. Kabro ya mstatili, ile ya sentimita 20 kwa 10, zinaingia 50 kwa kila mita ya mraba. Hizo ni kabro 5,400, na mimi ningekula Krismasi vizuri sana. Usifanye hivyo.

Udongo wako hauli kokoto kwa uchawi. Ukilowa unafura na kulainika, ukikauka unanywea. Gurudumu likipita wakati wa mvua, jiwe linashuka na tope linapanda kukaa mahali pake. Kabro nazo zitapata hayo hayo, ila polepole: mwaka wa kwanza bapa kama meza, mwaka wa pili utaona mawimbi ya ziwa hapo hapo uani. Zege la shemeji (msalimie) ndilo litakalokuliza zaidi. Kabro ikizama unaing'oa, unajaza chini, unairudisha. Zege likipasuka limepasuka.

Ushauri wangu ni utandike eneo dogo, lakini ulijenge kuanzia chini. Njia ya miguu kutoka getini hadi barazani, mita 12 kwa upana wa mita 1.2. Pa kuegesha gari moja, mita 5.5 kwa 3. Jumla haifiki mita 31 za mraba, kabro kama 1,550, ongeza themanini hivi za kukatwa na kuvunjika. Sehemu hiyo tu chimba sentimita 40. Sakafu ya shimo tandika kile kitambaa cha barabara kinachopitisha maji na kuzuia tope lisipande. Juu yake mawe makubwa ya hadikoo, sentimita 20, yapigwe yakae. Kisha maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, sentimita 10, imwagiwe maji kiasi na ishindiliwe kwa mashine ya kompakta, si kwa miguu ya vijana. Kisha vumbi la mawe la kwari sentimita 4. Kabro yenyewe, ya unene wa sentimita 6, ndiyo ya mwisho. Watu huuliza bei ya kabro wakasahau kwamba kabro ndiyo sehemu ndogo ya kazi.

Pembeni weka ukingo wa zege. Pasipo ukingo kabro hutanuka kila gari linapopita, mpaka kidole kinaingia katikati yake. Na uinamishe kazi yote sentimita 2 kwa kila mita, ielekee mbali na nyumba. Nimeona mafundi wakiinamishia barazani kwa sababu geti lilikuwa juu, na mwenye nyumba hakujua hadi maji yalipompigia hodi.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Kabla hujanunua hata kabro moja, ngoja mvua kubwa, utoke na mwavuli, uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Chomeka vijiti. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba likipigwa mvua ya milimita 30 alasiri moja, ni lita 3,000 zinazomwagika chini ya ukuta wako. Una gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa? Na yeyote atakayekuuzia wazo la shimo la kunyonya maji, mwambie ahsante. Udongo huo haunyonyi, utakuwa umewachimbia mbu kisima. Mtaro wa wazi ndio dawa yake.

MwalimuMstaafu_Lanet

Mama Tatu, nakuandikia kutoka Nakuru, ambako shida yetu ni kinyume cha yenu. Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, maji yanazama hata kabla hujaweka ndoo chini. Kinachotumaliza ni vumbi. Mwezi wa kwanza na wa pili ukianika shuka jeupe linarudi ndani rangi ya chai.

Naomba niseme juu ya mawe meupe tu, kwa sababu niliyanunua nilipostaafu. Aliyenitengenezea alitandika nailoni nyeusi chini yake, akasema magugu hayataota. Hayakuota kutoka chini. Yaliota juu! Vumbi lilijaa kati ya mawe, mbegu zikaletwa na upepo, na nailoni ikashikilia maji vizuri kama beseni. Nikawa napalilia mawe. Mke wangu alikuwa akipita na kuniuliza kama mahindi yanaendeleaje.

Na wewe una siala juu. Mti huo unamwaga maua ya njano, majani, na yale maganda marefu membamba ya mbegu. Kwenye nyasi hutayaona, lakini kwenye mawe meupe utayaokota moja moja kwa vidole, na Disemba utakuwa na mambo mengine ya kushika.

Kama roho yako bado inataka kokoto mahali padogo pasipopita gari, piga hesabu kabla ya kuagiza: kwa unene wa sentimita 5, mita moja ya ujazo hufunika mita 20 za mraba. Uagize unachohitaji, si lori zima kwa sababu ni lori.

Jambo la mwisho. Fundi amesema uchimbe sentimita 40, naye yuko sahihi, lakini asipite na jembe karibu na shina la siala. Mizizi mikubwa ikikatwa mti utakaa mwaka mmoja au miwili ukionekana mzima kisha uanze kukauka kutoka juu. Pindisha njia iuzunguke. Njia iliyopinda kidogo inapendeza zaidi hata hivyo.

FundiKabro_Mamboleo

Mwalimu amenisaidia hapo, mti nilikuwa nimeusahau. Ikipinda kabro za kukatwa zitaongezeka, badala ya themanini weka 150.

NyarAhero

Dada, udongo huo mnaoutukana ndio unaonilisha. Utakapochimba sehemu za fundi utatoa kama mita 12 za ujazo, na udongo ukichimbuliwa hufura, kwa hiyo ni lori tatu hadi nne. Usilipe mtu akautupe! Fanya matuta yaliyoinuka upande wa ukuta, changanya na samadi na pumba za mpunga uuvunje ule ugumu, panda mboga zetu za osuga, dek na mrenda. Huku Ahero pumba zimejaa nje ya mashine za kukoboa, njoo na magunia yako.

Pale chini kabisa maji yanapokimbilia, usipigane nayo. Panda nduma. Zinataka miguu iwe majini.

Nyasi za Pemba zitakufaa kwenye sehemu iliyobaki, maana zinavumilia kivuli cha siala kuliko zile za Kikuyu ambazo zinapenda baridi ya juu huko kwa Mwalimu. Hupandwa kwa vipande, si mbegu. Panda mwezi wa nane au wa tisa ili mvua fupi zikute zimeshika. Lakini gari lisizikanyage udongo ukiwa umelowa, hata mara moja.

Na usikubali mtu akuletee mikaratusi eti inakausha maji. Inakausha kweli, hadi udongo wa chini ya nyumba unanywea na kuta zinapasuka. Dada yangu ana ufa ukutani ambao mjusi anaingia na kutoka.

KijanaWaKondele

Na ua wa ojuok, ule mnyaa wa kuzungushia boma, je? Shosho alikuwa nao boma lote.

NyarAhero

Unapendeza, lakini utomvu wake ukiingia jichoni utalala hospitali. Pahali penye watoto watatu, hapana.

MamaTatu_Nyamasaria

Wadau nimerudi, na nina habari.

Alhamisi usiku ilinyesha ile ya kweli, ya radi. Saa nne usiku nikavaa gambuti za baba watoto, nikachukua tochi na vijiti vya mishikaki, nikatoka. Mume wangu alisimama dirishani akiniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta maji. Akafunga pazia.

Fundi, ulichosema kimenifungua macho. Maji ya paa langu ni kidogo, yana gata ya upande mmoja na tangi. Mto wenyewe unatoka kwa jirani! Bati lake la nyuma linaishia juu kabisa ya ukuta wangu, halina gata, na maji yote yanaruka ukuta yanatua kwangu. Pale yanapotua yamechimba kishimo cha ukubwa wa sufuria, kisha yanashuka moja kwa moja hadi mahali nilipomwaga kokoto. Nimechomeka vijiti kumi na saba. Asubuhi vilikuwa vimesimama kwa mstari, kama foleni ya kura.

Miaka sita nalaumu udongo.

Ijumaa nikaenda kwake. Sikuenda mikono mitupu, nilibeba omena na ndizi, kwa sababu ugomvi wa maji huku unaweza kufika kwa chifu. Nikamchukua tukasimama kwenye vijiti. Alitazama muda mrefu, akasema hajawahi kuuona ukuta wake kutoka upande huu. Amekubali gata, tutagawana bei nusu kwa nusu, na maji yataenda kwenye tangi lake. Fundi wa bati anakuja Jumamosi.

Kwa hiyo nimeamua. Kwanza gata na mtaro. Kisha njia na pa gari, kama Fundi alivyopima, ikipinda kwenye siala. Hadikoo nimeulizia, na zile kokoto zangu nimewapa watoto kazi: kila karai wanalofukua na kuosha nawalipa shilingi ishirini. Leo wana makarai tisa na mkubwa ameanza kuajiri watoto wa jirani. Zitaingia chini ya njia pamoja na hadikoo. Mawe meupe nimeacha. Shemeji nimemwambia zege akamwage kwake.

NyarAhero dada, kwa tuta la mita 9 kwa moja nije na magunia mangapi ya pumba? Na hiyo mashine yako iko kabla ya daraja au baada?