Nimelipia uhariri wa riwaya, nimerudishiwa koma

Wakuu, nimekasirika, na uzi huu hautakuwa na adabu sana. Mtanivumilia.

Nilimlipa mhariri anisomee mswada wa riwaya. Tuliandikiana kwa meseji kabisa kwamba nataka uhariri wa muundo: msuko umelegea wapi, taharuki inafia sura gani, msimulizi anaaminika au la, nani kwenye hadithi hana kazi na aondoke. Kilichorudi ni ripoti ya kurasa mbili na faili iliyojaa wino mwekundu wa koma na herufi kubwa.

Kiini cha ripoti yenyewe ndicho hiki: "Dhamira zimejitokeza vizuri. Wahusika wamechorwa kwa ustadi ila wakuzwe zaidi. Baadhi ya sura zinachosha. Hongera, endelea hivyo."

Jamani! Hayo si majibu ya mtihani wa fasihi, ya mwanafunzi aliyekariri fani na maudhui bila kufungua kitabu? Sura zipi zinachosha? Nani akuzwe, na kwa sababu gani? Futa jina la riwaya pale juu, mtumie mwandishi mwingine yeyote ripoti hiyohiyo. Atashukuru akidhani ni yake.

Tena naamini hakufika mwisho. Hadi sura ya 10 anayesema "mimi" ni dada mkubwa. Kuanzia sura ya 11 anayesema "mimi" ni yule mzee ambaye dada amekuwa akimsingizia wizi tangu mwanzo. Riwaya nzima inageukia hapo. Msomaji anaweza kuipenda mbinu hiyo au kuichukia, ila kutoiona hawezi. Mhariri wangu anaisifu riwaya kwa "kusimuliwa yote kwa sauti moja". Sauti moja!

Sasa njooni kwenye kilichoninyima usingizi. Huyo mzee ni mgeni, Kiswahili amejifunza ukubwani, na ngeli zinampiga chenga. Anasema "kitabu yangu", "mtoto yake", "maji amekwisha". Nimeandika hivyo makusudi, na kwenye maelezo niliyoambatanisha na mswada nikaeleza hivyo. Bwana mkubwa kazisafisha zote! Mzee sasa anaongea kama msoma taarifa ya habari. Kibaya zaidi, sura ya 6 watoto wa jirani wanamwigiza, wanamzunguka wakiimba "kitabu yangu, kitabu yangu", wanavunjika mbavu. Na hapo pia kasahihisha. Kwa hiyo watoto wanamcheka mtu kwa kusema "kitabu changu". Anayeona kichekesho kiko wapi anioneshe. Na ni aibu ya siku ile inayomfanya mzee anyamaze anapotakiwa kujitetea mbele ya watu, ndiyo maana anahukumiwa. Ukiondoa kosa la ngeli sura ya 6, ukimya wake mwishoni hauna sababu. Halafu si marekebisho yote aliyaacha yaonekane. Mengine nimeyakuta baada ya kulinganisha faili yangu na yake mstari kwa mstari.

Wanaosema "waandishi chipukizi hamtaki kukosolewa" najua mko njiani. Nilitaka kukosolewa, ndicho nilicholipia! Rafiki aliyeusoma mswada bure aliniambia kuwa pale dada alipopata ufunguo bila kuutafuta, yeye kama msomaji aliacha kumwamini dada. Sentensi moja, ina mahali, ina sababu. Nimeandika upya sura ile na imekaa sawa. Sifa za mhariri nimezisoma nikabaki nilivyokuwa.

Hata mpangilio wa kazi kaugeuza. Kwanza unaangalia muundo, kwa sababu sura nzima inaweza kuondoka. Kisha mtindo, sentensi kwa sentensi. Lugha na tahajia baadaye, na prufu, yaani kusaka makosa madogo yaliyobaki, mwisho kabisa, kurasa zikiwa zimeshapangwa. Kupanga koma kwenye sura ambayo huenda ikatupwa ni kupoteza muda wa watu wawili. Wahariri wengi wanaojiheshimu huwa radhi kukuhariria kurasa chache kwanza kama sampuli, muone kama mnaelewana. Huyu nilipoiomba sampuli alinijibu kwamba uzoefu wake unajieleza. Kweli umejieleza.

Nilipomwandikia kuhusu sura ya 11 na mzee, jibu lake: "Uamuzi wa mwisho ni wa mwandishi." Uamuzi juu ya nini, wakati hajanipa hoja hata moja ya kuamulia? Nikaomba tuongee kwa simu, akasema mazungumzo ni huduma nyingine na yana malipo yake.

Nimedai nusu ya fedha zangu. Anasema kazi imekamilika, maana mkataba aliouandaa yeye unataja "uhariri wa kitaalamu" tu, bila aina, bila idadi ya raundi. Meseji ambazo yeye mwenyewe anakubali kufanya uhariri wa muundo ninazo zote, na nakala ya mswada wa awali ninayo.

Wahariri mliomo humu, na waandishi mliowahi kufikia hatua hii: kuna aliyerudishiwa fedha kwa ushahidi wa meseji, wakati mkataba hautaji aina ya uhariri? Alianzia wapi?