Baba alikopa kwa mdomo wake, leo naambiwa mzazi hadaiwi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Leo nitasema yote, maana nimenyamaza kwa heshima mpaka naonekana mjinga.

Mimi ni mtoto wa Lamu, kazi yangu iko Mombasa. Mwaka juzi, msimu wa upepo wa kusi ukielekea mwisho, baba alinitumia sauti kwenye simu, na ninayo mpaka leo: "Nikopeshe mwanangu ninunue mashine ya boti, kaskazi ikiingia nitakulipa kidogo kidogo." Hilo la kulipa kalisema yeye. Nikachukua mkopo wa sako, Sh240,000, nikamtumia zote. Mashine ya hosi 15 ikanunuliwa.

Kaskazi ikaingia, bahari ikatulia, boti ikafanya kazi. Asubuhi abiria wa Mokowe, jioni wageni wa Shela wanaotaka kuzungushwa. Sikuona hata shilingi, wala sikuuliza. Kaskazi ya pili vilevile. Huku mimi nakatwa mshahara kila mwezi, ada za watoto nazikopa kwa watu.

Mwezi uliopita nikaja nyumbani kwa harusi ya mdogo wangu. Nikapita gatini, boti imefungwa, nyuma pamebaki alama za mashine kwenye ubao na mpira wa petroli umekunjwa kando. Mashine imeuzwa! Imelipia ng'ombe, ngoma na vyombo vya chumba cha bibi harusi. Hata kuniambia hakuniambia.

Nilimuuliza tukiwa wawili, kwa adabu zote. Akanyamaza. Kesho yake akanijibu barazani mbele za watu: "Wewe na mali yako ni vya baba yako." Wazee wakaitikia. Ami yangu akaongeza kuwa mwana anayemdai babake anataka kukosa radhi. Yaani mimi niliyetoa ndiye naogopeshwa na radhi!

Hadithi hiyo ya Mtume naijua, nimekaa chuo cha Qur'ani kama wao. Lakini wapo wanachuoni walioieleza wakaiwekea mipaka: baba achukue kwa haja yake, asimdhuru mwanawe, wala asichukue kwa mtoto mmoja akampa mwingine. Hii yangu imechukuliwa kwangu ikapewa mdogo wangu, waziwazi. Na kama mali ya mwana ni ya baba tu, basi mbona Suratun Nisaa aya ya 11 inampa baba sudusi ya mali ya mwanawe aliyekufa akaacha watoto? Mtu atarithi vipi fungu moja katika sita la kitu ambacho tayari chote ni chake? Aya hiyohiyo inataka wasia na deni vitolewe kabla ya mirathi kugawanywa. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 Suratul Baqara, ni ya deni na kuliandika. Nimeisoma na kuirudia, baba hakutolewa humo.

Matumizi yake sidai. Dawa za presha, stima, futari ya Ramadhani, kanzu ya Idi, sijawahi kuandika mahali na sitaandika, nayafanya kwa moyo mmoja. Nadai kile alichokopa.

Na nyinyi mnaoniambia "nenda kwa Kadhi", someni Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Kadhi anasikiliza hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mkopo wa mashine haumo, na babangu yu hai, Mungu amuweke. Kesi kama hii ni ya mahakama ya madai madogo, ambayo mwisho wake ni shilingi milioni moja. Lakini nimpeleke mzee wangu mahakamani, kisha Idi nimshike mkono kwa uso gani? Siwezi. Naye anajua siwezi, na hapo ndipo panaponiuma zaidi kuliko hizo pesa.

Ninachotaka ni kikao cha nyumbani, baba, ami na imamu wetu. Baba akiri kuwa alikopa, na mdogo wangu aliyeozwa kwa mashine yangu abebe nusu, hata kwa elfu tano tano kila mwezi. Aliyewahi kusuluhisha deni na mzazi mbele ya wazee aniambie maneno yalianzwa na nani, na mzazi aliitwaje mpaka akaja. Na atakayeniletea "mzazi hadaiwi" anijibu kwanza habari ya sudusi.