Naomba ushauri: kipepeo na mwigaji wake, nawatofautishaje?

Habari zenu wanajamvi. Msimu huu wa joto naorodhesha ndege na vipepeo wa hifadhi ya ardhioevu iliyo karibu nami, na kuna mahali nimekwama.

Kwa ndege sina shida sana. Yule kitwitwi wa matopeni akiruka anaonyesha weusi chini ya mabawa, basi naegemea spishi ya Tringa ochropus kuliko nduguye Tringa glareola.

Kasheshe ni kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Haraka haraka ungemwita Danaus chrysippus, ila jike wa kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, humwiga, kwa kuwa Danaus ana sumu na ndege humkwepa. Najua bawa la nyuma la Danaus lina madoa meusi kadhaa katikati, mwigaji analo moja ukingoni. Lakini huyu akitua anafunga mabawa, na picha za simu zinatoka ukungu mtupu. Kumnasa kwa wavu sitaki.

Je, mabawa yakiwa yamefungwa niangalie nini? Na nisiyekuwa na uhakika naye, nimwandikeje bila kuvuruga hesabu?

Natanguliza shukrani.