Mume wangu mwinjilisti anaficha simu kwenye ndoo ya unga, nifanyeje?

MkeWaMtumishi:
Bwana asifiwe wapendwa. Niko Makete. Mume wangu ni mwinjilisti, mwaka wa tisa huu, anahudumia mitaa mitatu kwa pikipiki, na masika anaisukuma zaidi ya anavyoiendesha.

Juzi jioni nimefunua ndoo nichote unga nisonge ugali, nasikia kitu kinanguruma humo ndani. Simu yake! Kaifunga kwenye mfuko wa nailoni, kaifukia. Kumepigwa mara kumi na nne.

Nikadhani kuna mwanamke. Hakuna. Namba zote za waumini. Nilipombana akanyamaza, kisha akasema, "Mama Tumaini, ikiita tu najua kuna aliyekufa au kuna waliogombana." Akaenda kulala bila kula.

Zamani akitoka msibani alinisimulia habari za marehemu mpaka nami nalia. Siku hizi anasema "tumemzika," basi. Jumapili anarudia mahubiri ya mwaka juzi, nayajua mpaka pale pa kucheka. Jumatatu eti ndiyo siku yake ya kupumzika, hajaiona tangu Pasaka. Wazee wananiambia tumwombee. Namwombea. Zaidi ya hapo nifanye nini?

KijanaWaMwanjelwa:
Ahamie kwa manabii wa huku mjini, wenzake wana watu wa kuwapokelea simu. Natania dada, pole sana.

TabibuUyole:
Pole dada. Huo ni uchovu wa kazi uliopita kiasi. Shirika la Afya Duniani liliutaja mwaka 2019 kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ila likasema wenyewe si ugonjwa, ni hali inayoletwa na kazi. Dalili zake tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi la maana. Hiyo "tumemzika" ndiyo ya pili. Herbert Freudenberger aliandika habari zake mwaka 1974 baada ya kuwaona watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure New York, na yeye mwenyewe alikuwa anajitolea hapohapo. Wavivu hauwapati.

Swali langu: akiwa mbali na kazi siku mbili tatu, anachangamka? Kama hata huko hana raha, hali, halali, au anatamka kwamba afadhali afe, hapo usisubiri kikao cha wazee. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Anzeni hospitali ya wilaya, ikibidi watampa rufaa.

MkeWaMtumishi:
Tulikwenda kwa dada yake Kyela siku tatu. Alikula, alicheka, alilala mpaka saa nne asubuhi. Wakati wa kurudi, tulipofika Isyonje gari likakata kona kuja huku, akaanza kuumwa tumbo.

MzeeMstaafuNjombe:
Kamwene mwanangu. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini, acha niseme: wazee ndio tunaowamaliza watumishi. Mbuzi wa fulani kala maharage ya fulani, tunampigia mwinjilisti!

Kutoka 18 tunaipenda kwa ule ushauri wa Yethro wa kugawa kazi, ila mwanzo wa sura tunauruka. Yethro alipokuja alimletea Musa mkewe na watoto wake wawili.

Kwetu tulinunua simu ya kitochi ya usharika, inakaa kwa mzee wa zamu wiki nzima. Msiba na mgonjwa mahututi, anampasha mtumishi. Mipaka ya shamba, mbuzi, kwaya kununiana, hayo yanabaki kwenye jumuiya. Zamu yangu ya kwanza niliizima siku ya tatu. Wenzangu walinicheka mpaka zamu zao zilipofika.

Na hiyo Jumatatu usiilinde wewe, watakuita mke mwenye kiburi. Mchungaji aitangaze mwenyewe kwenye matangazo ya Jumapili.

MwalimuMafinga:
Kama ana mkataba wa ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Hiyo miaka tisa kaenda likizo mara ngapi?

MkeWaMtumishi:
Mara moja, nilipojifungua. Na wiki hiyo alizika waumini wawili.

MwalimuMafinga:
Basi dai lenu liandikeni barua. Maneno ya mdomo yanaishia mlangoni.

MkeWaMtumishi:
Nimerudi. Barua ameiandika, mara tatu kaichana, ya nne nimeipeleka mimi. Habari ya simu ya zamu mchungaji kaipenda, anaiingiza kwenye kikao cha Jumamosi. Mzee mmoja ameshauliza vocha atanunua nani.

Simu nimemwambia isirudi kwenye unga, spika imeziba, watu wanasikika kama wako ndani ya gunia. Kacheka kidogo. Leo iko juu ya kabati, imezimwa, mwenyewe yuko nje anapasua kuni.