Povu ruksa: Mwanaume mzima anauza ndoa yake kwa shetani halafu tunaambiwa ni shujaa??

Mke wa Mtu:
Wakuu salamu baadaye, nimetoka kufunga kitabu sasa hivi na damu inachemka. Jamaa mnamjua wote, Spider-Man wa vitabu vya katuni, yule wa nyekundu na bluu anayetambaa ukutani pale New York, kodi ya nyumba inamshinda tangu tumjue. AMEUZA NDOA. Angetoa talaka ningeelewa, angekimbia usiku na begi lake kama wenzake ningeelewa, yeye kaiuza, kwa shetani, shetani mwenyewe kabisa Mephisto, tena wakapewa mpaka saa sita usiku wafikirie!!

Na ile ndoa si ya juzi. 1987 wameoana, mpaka wakafanya harusi ya maonyesho uwanja wa Shea mbele ya mashabiki wa besiboli, Stan Lee mwenyewe ndiye mfungishaji. Miaka 20 Mary Jane anakaa dirishani anasubiri mtu arudi na mbavu zimevunjika. Mimba yake ya 1996 iliishia kwenye majonzi, ndege ikalipuka wote tukajua amekufa, kumbe kafungiwa na mwendawazimu, akarudi, bado yupo. Mwanamke gani mwingine angebaki? Nitajieni mmoja.

Halafu 2006 bwana mkubwa anaamua kuvua barakoa mbele ya waandishi wa habari dunia nzima imwone sura, eti wajibu, rafiki yake tajiri kamshawishi. Una mke, una bi mkubwa aliyekulea, una maadui wanaojaza magereza yote ya Marekani, unavua barakoa? Risasi ikaja, ikampiga bi mkubwa. Ndiyo tukafika kwa shetani, amponye bi mkubwa, achukue ndoa.

Kilichonimaliza ni yule mtoto. Kabinti kadogo ka nywele nyekundu kama za mama yake, unakaona mapema kwenye hadithi unadhani ni mtoto tu wa njiani. Kumbe shetani anakuja kusema yule ni binti yenu ambaye mngemzaa, sasa ndiyo basi. BINTI YAO. Na jamaa asubuhi anaamka kitandani peke yake nyumbani kwa bi mkubwa, hajui kitu, anatoka anaenda kwenye pati!! Kabinti kamefutwa jana usiku yeye yuko pati anacheka. Siwezi. Nywele nyekundu zile. Siwezi jamani.

Kipara Ngoto:
Nimeweka kambi hapa, mwenye karanga apitishe.

Kataa Ndoa Tawi la Mbagala:
Tulisema mkatuona wahuni. Hata shetani siku hizi hataki roho, anataka cheti cha ndoa, anajua mateso yako wapi.

Mzee wa Matoleo:
Dada punguza moto. Toleo la 545, rudi ukasome taratibu. Aliyetangulia kukubali ni mke, na kabla ya kukubali alimnong'oneza shetani jambo sikioni, tukaja kulijua 2010. Mbona yeye humsemi?

Mke wa Mtu:
Mzee heshima yako lakini mke alikubali kwa sababu alimwona mumewe anakufa kwa hatia! Angefanyaje, aseme hapana halafu alaumiwe mazishini mpaka uzeeni? Mwanaume ndiye alitakiwa aseme shetani toka kwangu. Na huyo bi mkubwa tunampenda sote, lakini ALISHAKUFA 1995, toleo la 400, tukalia, tukazika, baadaye wakatuambia aliyekufa alikuwa mwigizaji!!! Mtu ambaye amezikwa akarudi ndiye wa kubadilisha na mtoto? Mji ule una wachawi, una wanasayansi, kila mwezi kuna mtu anafufuka, risasi moja tu ndiyo imewashinda?

Fundi Redio:
Dada huyo mtu ni wa kuchorwa. Umekula?

Mke wa Mtu:
Nimekula. Kabinti ka watu hakatakula.

Kipara Ngoto:
😂😂😂 huu uzi ufungwe aisee

Mchora Vibonzo:
Mnamwonea jamaa, lawama ni za ofisini. Mhariri mkuu wa wakati ule Joe Quesada hakuwahi kuficha kwamba ndoa ile haitaki, anaona inamzeesha kijana, na zile kurasa kazichora kwa mkono wake. Mwandishi J. Michael Straczynski alifika hatua ya kutaka jina lake lifutwe kwenye matoleo ya mwisho. Shetani alisingiziwa tu.

Binti Chumbageni:
Ninyi mnalilia ndoa iliyouzwa, angalau alihangaika kidogo. Wangu mimi, Cyclops, yule kiongozi wa mutanti, watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, mwenye miwani myekundu, 1986 kasikia mpenzi wake wa zamani kafufuka, kaacha mke na kichanga nyumbani akaondoka. KICHANGA. Na watu wanamwita kamanda.

Mke wa Mtu:
Binti usiteke uzi tafadhali, tunaongelea kabinti ka nywele nyekundu.

Binti Chumbageni:
Na huyo wangu mke alikuwa na nywele nyekundu vilevile, kwa hiyo nipo ndani ya mada.

Popo wa Usiku:
Kwanza mliolewa mkaachwa, mshukuru. Tajiri wa Gotham, Batman mtu popo, 2018, toleo la 50, kavaa suti kasimama juu ya ghorofa anamsubiri bibi harusi, bibi harusi haji. Kaambiwa na shoga yake kwamba popo akiwa na furaha hatapigana tena, kaamini, kaondoka. Tulisubiri harusi ile mwaka mzima, kadi zimegawiwa!

Mzee wa Matoleo:
Afadhali Clark, yaani Superman, na Lois. 1996 wameoana, 2011 kampuni inaanza hadithi zake upya, tunaambiwa hawajawahi kuoana. Hapo hata shetani hakuhusishwa, wameamka tu asubuhi ndoa haipo.

Popo wa Usiku:
Lakini wao walirudishiwa na mtoto juu. Sisi tumerudishiwa nini?

Fundi Redio:
Mtu anayelala mchana na kupigana na wendawazimu usiku unampa mke wa kazi gani?

Popo wa Usiku:
Fundi usinianze.

Mchora Vibonzo:
Mleta mada kama bado upo, tafuta ule mfululizo wa 2024 wa Jonathan Hickman. Jamaa ana ndevu, kaoa Mary Jane yuleyule, watoto wawili, nguvu anazipata ukubwani akiwa tayari na familia.

Mke wa Mtu:
Wale ni wa dunia nyingine. Mimi namdai huyu aliyeniuzia.

Kataa Ndoa Tawi la Mbagala:
Popo ndiye mwenyekiti wetu wa heshima, kikao Jumapili.

Binti Chumbageni:
Mwenyekiti aliyeachwa juu ya ghorofa 😂 Kuna mwenye hilo toleo la 50 anikopeshe? Niko Tanga.