Tupeane uzoefu: utawala wa George W. Bush ulikugusa vipi?

Baba Jesca (Mwanza)
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha sita na shuleni kwao wana mdahalo: George W. Bush, rais wa Marekani 2001 hadi 2009, alifanya mema au aliharibu? Kapangiwa upande wa kumtetea. Jana mezani akaniuliza namkumbukaje. Mimi nikataja Iraki, mama yake akataja ARV, dawa za Ukimwi, tukabishana mpaka chakula kikapoa. Vitabu anavyo, anachokosa ni watu. Uliguswa na utawala ule kwa kazi, kwa ugonjwa, kwa vita, kwa viza? Andika yaliyokukuta wewe.

Nesi Mstaafu (Moshi)
Nilikuwa napita tu, lakini huyo mama Jesca kanirudisha wodini.

Nilikuwa wodi ya wanawake, hospitali ya wilaya, tangu miaka ya tisini. Walioanza kazi juzi hawawezi kuelewa wodi ilivyokuwa. Vitanda vimejaa, wengine wamelazwa chini kwenye mikeka katikati ya vitanda. Tulikuwa na Septrin, dawa ya fangasi za mdomo, na dripu. Basi. Majibu ya damu tuliyaandika kwa mafumbo kwenye faili ili ndugu wasisome. Ndugu wanatuambia, "Tutauza ng'ombe, semeni bei." Na sisi tunajua dawa ipo, ila dozi ya mwaka mmoja Ulaya na Marekani ilikuwa inagharimu zaidi ya dola 10,000. Ng'ombe wa kata nzima wasingetosha.

Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi, alimfundisha mdogo wangu kusoma. Mume alishazikwa. Alikuja na mtoto ananyonya. Alikuwa anasikiliza redio, akasikia Bush ametangaza fedha za Ukimwi na Tanzania imo. Akaniita kitandani: "Nesi, nikijikaza mpaka mwakani zitakuwa zimefika?" Nikamwambia jikaze mwalimu. Akajikaza kweli. Alikuwa anakula huku anatapika, anakula tena. Alifariki mwishoni mwa 2003. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwishoni mwa 2004.

Zilipofika kwetu, niliona mama ameletwa kwa machela, mifupa mitupu, akarudi kliniki baadaye kwa miguu yake na mkungu wa ndizi kichwani kwa ajili ya wahudumu. Ya Iraki nimeyasikia. Lakini atakayesema huyu mtu apewe sifuri, aje kwanza tuzungumze habari za yule mwalimu.

Mtu wa Mkuranga
Nesi umenitonesha. Mama yangu anatumia dawa hizo tangu 2006, yuko hai, analima.

Mkereketwa (Ilala)
Pole nesi, na heshima yako. Ila sifa tuzigawe kwa haki. Walioangusha bei ni Wahindi. Cipla, kampuni yao ya dawa, walitangaza mwaka 2001 kuuza dozi ya mwaka kwa dola 350 kwa mashirika ya misaada, Bush hata hajafungua mdomo. Na PEPFAR, ule mpango wa Bush wa Ukimwi, ilipoanza, fedha zilienda kwanza kwenye dawa zenye majina makubwa, za Wahindi zikangoja idhini ya Marekani. Halafu sheria yao ilitaka theluthi ya fedha za kinga iende kwenye kuhubiri "subiri mpaka ndoa". Wanawake wangapi wa wodi yako waliambukizwa ndani ya ndoa?

Nesi Mstaafu (Moshi)
Wengi, kaka. Hapo sikubishii hata neno. Semina zilijaa "subiri", kondomu zinatajwa kwa kunong'ona, na walio mbele yangu ni wake za watu. Lakini bei ikishuka, nani analipa? Halmashauri yetu ilikuwa inakosa glavu. Dola 350 ingezitoa wapi? Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi ulikuwepo tangu 2002, nao ulisaidia, ila fedha nyingi kwa haraka zilikuja na ile PEPFAR.

Mkereketwa (Ilala)
Fedha za walipa kodi wa Marekani, zilizopitishwa na Bunge lao, vyama vyote viwili. Si za mfukoni mwake.

Nesi Mstaafu (Moshi)
Na vita vya Iraki vilikuwa vya mfukoni mwake? Mbona hivyo tunamwandikia yeye peke yake?

Dobi wa Kisauni (Mombasa)
Mwabishana dawa na vita kama mambo mawili. Yalitoka kwenye hotuba moja. Tarehe 28 Januari 2003, hotuba ya hali ya taifa: aliahidi dola bilioni 15 kwa miaka mitano za kupambana na Ukimwi, na katika hotuba hiyo hiyo akasema Saddam, rais wa Iraki, alikuwa akitafuta urani ya kuundia silaha za nyuklia kutoka Afrika. Julai Ikulu yao ikakubali kwamba maneno hayo ya urani hayakufaa kuwemo. Lakini Machi walikuwa washaingia Iraki.

Mimi nilifika huko. Sijawahi kuandika haya popote.

Bomu la hoteli ya Kikambala, hapa pwani, Novemba 2002, liliua utalii wetu. Hoteli niliyokuwa nikifua ilipunguza watu, nami nikawa kwenye orodha. Mwaka 2004 wakala mmoja mjini akaniambia kuna kazi ya dobi Kuwait, hoteli kubwa. Mamangu akauza kiwanja cha urithi kulipa ada. Kufika Kuwait pasipoti zikachukuliwa, tukawekwa nyumba moja, Wahindi, Wanepali, Wakenya wachache. Usiku mmoja tukapakiwa kwenye basi lenye mapazia. Kulipokucha tukachungulia, tukaona magari ya jeshi mbele na nyuma. Hakuna aliyetueleza kitu. Ndivyo nilivyoingia Iraki.

Kambi ilikuwa kaskazini mwa Baghdad. Wanajeshi walikuwa na mahandaki ya zege, sisi twalala kwenye kontena za bati. King'ora kikilia twajitupa chini ya vitanda. Agosti ile Wanepali 12 walitekwa wakauawa na video ikaonyeshwa. Hao hawakuwa wa kambi yetu, lakini Wanepali tuliolala nao waliketi chini wakagoma, wanalia, wanataka pasipoti zao. Hawakupewa.

Palikuwa na askari kijana sana, mweusi, mtu wa Georgia. Yeye alikuja kuchukua nguo zake mwenyewe, na akataka nimfundishe Kiswahili. Alijua "asante", "kesho", "mama". Siku moja gwanda lake likaletwa ndani ya gunia pamoja na mengine, damu imekauka kuanzia kola, jina lake bado limeshonwa kifuani. Msimamizi akasema fua. Nikafua. Maji yalikuwa yakitoka mekundu, nami nabadilisha maji, nabadilisha tena, sijui hata namfulia nani.

Wakaguzi wao wenyewe walitafuta silaha za maangamizi, na ripoti ya 2004 ikasema hazikuwepo. Yule kijana alikufa kwa ajili ya kitu kisichokuwepo, na pamoja naye raia wa Iraki zaidi ya laki moja. Nesi, nakuheshimu sana. Lakini mimi siwezi kumpa mtu huyu hata alama moja. Nikisikia pikipiki usiku bado naamka.

Mtu wa Mkuranga
Subhanallah.

Mama Wawili (Nakuru)
Pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili. Mamako alipata kiwanja chake?

Dobi wa Kisauni (Mombasa)
Hakupata. Niliporudi, afisi ya yule wakala ilikuwa duka la simu.

Chuma cha Reli
Samahani, ila nani alikulazimisha? Dola ziliwavuta wengi. Vita vinatangazwa redioni kila siku na wewe unapanda ndege kwenda jirani yake?

Dobi wa Kisauni (Mombasa)
Mkataba uliandikwa Kuwait. Soma nilichoandika.

Mama Wawili (Nakuru)
Chuma, mtu anaeleza damu na wewe unaleta hesabu za dola. Kaa kando kidogo.

Wakili Mdogo (Dodoma)
Kaka, ipo sheria ya Marekani ya fidia inayowahusu hata wageni waliofanyia kazi wakandarasi kwenye kambi zao za kijeshi nje. Tafuta wakili anayeijua.

Chuma cha Reli
Wakili atakula kiwanja cha pili. Madai yana muda wake na miaka imepita. Aende kwa mshauri wa afya ya akili, usingizi ndio wa kutibu.

Mtu wa Mkuranga
Au ahamie Lamu, kule ni punda tu.

Dobi wa Kisauni (Mombasa)
Lamu boda zishaingia, ndugu yangu. Lakini asante.

Mtoto wa Fumba (Unguja)
Mimi nina la umeme. Sisi Unguja tulikaa gizani mwaka 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 karibu miezi mitatu, waya wa baharini umekufa. Maji hayapandi, samaki wanaoza, mwenye jenereta ndiye mwenye duka. Bush na Kikwete walitia saini Dar, Februari 2008, mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na ndani yake mna waya mpya wa kuja kwetu. Ulikamilika 2013, mwenyewe yuko kwao Texas kastaafu. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga nayo imo humo humo. Nakusikia, Dobi, na sikupingi. Mimi nasema lililonifika.

Msukuma wa Houston
Huku Wamarekani walimpima kwa nyumbani kwao. Baada ya Septemba 11 waliomkubali walifika asilimia 90, mwisho mwisho wa utawala wakashuka hadi 25. Nilikuwa dereva wa teksi mwaka 2005 mabasi yalipoanza kuwaleta watu wa New Orleans waliokimbia kimbunga Katrina hapa uwanja wa Astrodome. Kingo za maji zilibomoka, sehemu kubwa ya jiji ikazama, watu wako juu ya mapaa wanapunga mashuka, na rais akapita juu kwa ndege akichungulia dirishani. Nilimbeba bibi mmoja kila jioni, bure, akitafuta jina la mwanawe kwenye mbao za matangazo. Halafu 2008 mabenki yakaanguka, na mimi nikapoteza nyumba niliyokuwa nailipia. Jesca amtetee kwa dawa tu, asiguse mengine.

Mkereketwa (Ilala)
Hapana, aanze na Iraki mwenyewe kabla wapinzani hawajaitaja.

Mama Wawili (Nakuru)
Aombe kubadilishiwa upande.

Mtu wa Mkuranga
Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025 sielewi mambo yanavyokwenda. Mama alikuwa anapewa dawa za miezi sita, safari hii kapewa za mwezi mmoja, na yule dada aliyekuwa anatutembelea nyumbani kaachishwa kazi. Nesi, nifanye nini?

Nesi Mstaafu (Moshi)
Asiruke dozi hata siku moja, na asigawane vidonge na mtu. Msingoje tarehe ya kwenye kadi, rudini wakati kopo bado lina vidonge vya wiki mbili. Wakisema hazipo, ombeni barua ya rufaa siku hiyo hiyo mwende kituo kingine. Nitumie ujumbe pembeni unitajie kata, nina wenzangu huko Pwani ambao bado wako kazini.