Mtoano wa sataranji Mbeya: mechi ikiisha 1–1 tuamueje, na amagedoni tuipange vipi?

Mwalimu_Forest
Wakuu, habari za majukumu.

Tunaandaa mtoano wa sataranji wa vijana 16 kutoka Mbeya mjini, Tukuyu, Vwawa na Makambako. Ukumbi wa shule tumepewa Jumamosi na Jumapili tu, na saa za kidijitali tunazo nane. Kila mechi ni gemu mbili za dakika 25 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, mchezaji mmoja anaanza na nyeupe kisha wanabadilishana.

Kinachotukwamisha ni mechi zitakazoisha 1–1. Kamati imegawanyika: kuna wanaotaka shilingi irushwe, kuna wanaotaka amagedoni moja kwa moja (gemu moja ya mwisho ambayo ikiwa sare mwenye nyeusi anapita), na wengine blitsi, yaani gemu za haraka sana, mpaka mtu afungwe. Naomba mpangilio wenye namba, unaotosha kwenye ratiba, na wa Tukuyu wapate gari la jioni. Na kwenye amagedoni, nani apewe dakika ngapi, na rangi inachaguliwa na nani?

Refa_Gangilonga
Mwalimu, pangeni kwanza kwa saa ya ukutani, ndipo mje kwenye saa ya mezani.

Hesabu yake ni hii: chukua muda wa wachezaji wote wawili, ongeza nyongeza mara idadi ya hatua, mara mbili. Kwa vijana kadiria hatua 60. Gemu ya 25+10 itakula dakika 50 za msingi na 20 za nyongeza, jumla 70. Gemu mbili na mapumziko ya dakika 10 katikati ni saa mbili na nusu. Hiyo ndiyo mechi ya kawaida.

Baada ya hapo wekeni gemu mbili za 5+3. Kila moja ni dakika 16 kwa hesabu ileile. Ongeza dakika 5 za kupiga kura ya rangi na 3 za kupanga kete upya, unapata dakika 40. Bado ni sare? Amagedoni moja: nyeupe dakika 5, nyeusi dakika 4, nyongeza ya sekunde 2 kwa wote tangu hatua ya kwanza. Pamoja na kura haizidi dakika 18. Kwa hiyo raundi nzima, hata ikifika mwisho kabisa, inakaa ndani ya saa tatu na nusu.

Jumamosi anzeni saa 3:00 asubuhi. Gemu za nyongeza zianze saa 5:30, raundi ifungwe saa 6:30 mchana. Chakula saa moja. Robo fainali saa 7:30 mchana, na saa 11:00 jioni kila mtu yuko huru. Jumapili vivyo hivyo, nusu fainali asubuhi, fainali na mshindi wa tatu mchana. Kwenye fainali peke yake mnaweza kuingiza gemu mbili za 10+5 kabla ya 5+3. Zinaongeza kama saa moja, mtamaliza saa 12 jioni na dakika chache, mwanga bado upo. Mkiziweka kila raundi, Jumamosi mtatoka gizani.

Shilingi iamue rangi, isiamue mechi. Mwaka 1983 huko Velden, Austria, robo fainali ya kuwania nafasi ya kumkabili bingwa wa dunia kati ya Vasily Smyslov na Robert Hübner iliisha 7–7, wakaizungusha ruleti ya kasino. Smyslov akapita. Hübner alitolewa bila kuzidiwa ubaoni, na mpaka leo mechi ile inakumbukwa kwa ruleti kuliko kwa gemu zake. Msiwafanyie vijana hivyo.

Kitu kimoja waamuzi wenu wakijue kabla ya kushuka kwenye 5+3. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, unachukua dakika za msingi unajumlisha nyongeza mara 60. 25+10 inatoa dakika 35, hiyo ni rapidi. 5+3 inatoa 8, na chochote kisichozidi dakika 10 ni blitsi. Adhabu ya hatua isiyo halali kwenye rapidi ni kumwongezea mpinzani dakika 2, kwenye blitsi dakika 1. Ya pili kwenye gemu hiyohiyo, umepoteza. Mwamuzi akiendelea kutoa dakika 2 kwenye gemu ya 5+3 anakuwa ameiharibu gemu.

Tembo_wa_Tukuyu
Ratiba ya Refa naikubali, amagedoni siikubali. Inawapa wachezaji wawili mechi mbili tofauti: mmoja lazima ashinde, mwingine anatosheka na sare. Kombe la Dunia la 2023 kule Baku liliiacha kabisa. Walishuka 25+10 mbili, 10+10 mbili, 5+3 mbili, kisha gemu mojamoja za 3+2, rangi zikibadilishana, mpaka mmoja ashinde. Robo fainali ya Praggnanandhaa na Erigaisi iliisha hivyo, 5–4, na hakuna aliyeweza kusema mpinzani wake alibebwa na rangi.

Gemu ya 3+2 ni dakika 10, na kupanga kete mbili. Mnapoteza nini?

Refa_Gangilonga
Ndugu yangu, tunapoteza mwisho unaojulikana. Tarehe 31 Desemba 2024 kule New York, fainali ya blitsi ya dunia kati ya Carlsen na Nepomniachtchi ilifika 2–2, wakacheza gemu za mshindi-anachukua, zote tatu sare, wakakubaliana kugawana ubingwa. Ile ilikuwa fainali, ikawezekana. Robo fainali ya saa 11 jioni haiwezi kupeleka watu wawili kwenye nusu fainali, na dereva wa Tukuyu hasubiri.

Ila hoja yako ya usawa ina uzito. Basi waweke gemu mbili za 3+2 baada ya 5+3, rangi zikibadilishana, wa kwanza kushinda amepita. Ni dakika 24 zaidi. Zote mbili zikiwa sare, ndipo amagedoni. Mapumziko ya chakula yapungue kidogo, ratiba itabeba.

Kinanda_Vwawa
Naongeza la vifaa tu. Betri mpya kwenye saa zote nane, na pakiti moja ya akiba mkononi mwa mwamuzi mkuu, si ofisini. Hamna saa ya akiba raundi ya kwanza, hivyo angalieni zote Ijumaa. Wekeni malkia wawili wa kila rangi pembeni ya kila ubao. Askari akifika mwisho wa ubao na kutakiwa kugeuzwa malkia, na malkia wa ziada hayupo, kijana anageuza ngome kichwa chini na kuendelea. Kwa kanuni hiyo ni ngome, si malkia, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kama ni Juni au Julai, asubuhi ya Mbeya vidole vimekufa ganzi na kete zinaanguka sana. Aliyeziangusha anazisimamisha kwenye muda wake mwenyewe. Akibonyeza saa kabla ya kuzisimamisha, mpinzani asimamishe saa na kumwita mwamuzi.

Mwalimu_Forest
Asanteni sana wakuu, kamati imekubali ngazi ya 5+3, 3+2, amagedoni. Maswali mawili yamebaki. Nimesikia kuna utaratibu wa wachezaji kuandika muda wanaoutaka kwenye karatasi. Unafaa kwa vijana? Na ikitokea bendera ya mwenye nyeusi imeanguka (muda wake umekwisha) huku mwenye nyeupe amebaki na mfalme tu, nani anapita?

Sare_Haitoshi
Mwalimu, la pili kwanza, maana ndilo linalowachanganya hata waamuzi.

Anapita mwenye nyeusi. Kanuni inasema ukiishiwa muda unapoteza, isipokuwa mpinzani wako hawezi kukupiga chekimeti kwa mfululizo wowote wa hatua halali. Mfalme peke yake hawezi, kwa hiyo gemu ni sare, na sare kwenye amagedoni ni ushindi wa nyeusi. Lakini angalia hii: nyeupe ana mfalme na farasi, nyeusi ana mfalme na askari, bendera ya nyeusi inaanguka. Chekimeti inawezekana kwenye nafasi ya namna hiyo, hata kama ni kwa mpinzani kucheza vibaya kabisa. Nyeupe anapita. Mwamuzi asiseme "hana nguvu za kushinda" kwa macho tu.

Sare za aina zote zinahesabika: mfalme kukosa pa kwenda bila kuwa kwenye cheki, hali ileile kurudi mara tatu, hatua 50 bila kula wala kusogeza askari. Hizo mbili za mwisho lazima mchezaji azidai, na hapo mwenye nyeusi atadai kila anapoona nafasi. Kwa sababu hiyo kila amagedoni iwe na mwamuzi wake mmoja na mtu wa kuandika hatua. Mkifanya hivyo sheria nayo inabadilika: kanuni kamili za mashindano zinafanya kazi, na hatua isiyo halali iliyogunduliwa baadaye inarudisha gemu mpaka pale ilipotokea. Kwenye gemu za blitsi ambazo mwamuzi mmoja anazunguka meza kadhaa, mpinzani akishacheza hatua yake inayofuata, kosa limepita. Watangazieni wachezaji asubuhi kwamba 5+3 na 3+2 ni za utaratibu wa pili, na amagedoni ni ya wa kwanza.

Karatasi: nyeupe inabaki dakika 5. Kila mmoja anaandika kwa siri muda atakaoukubali kucheza na nyeusi, kwa dakika na sekunde, mfano 3:40. Mwenye muda mdogo zaidi anachukua nyeusi kwa muda huo alioandika. Wakilingana, kura. Kwa watu wazima wanaojijua ni utaratibu wa haki kuliko wote. Kijana wa mara ya kwanza ataandika 2:10 kwa woga wa kukosa nyeusi, kisha anaishiwa muda akiwa na malkia wa ziada. Kwenu tumieni kura: mshindi wa kura anachagua rangi, muda ni 5 kwa 4, hakuna mazungumzo.

Nyongeza ya sekunde 2 msiiondoe hata mkibanwa na muda. Ubingwa wa wanawake wa Marekani mwaka 2008, Irina Krush na Anna Zatonskih waliamuliwa kwa amagedoni isiyo na nyongeza. Mwisho ulikuwa wa mikono tu, kete zikianguka, Zatonskih akabakiwa na sekunde moja, na malalamiko yalifuata. Wala msiige utaratibu wa nyongeza kuanza hatua ya 61. Saa inahesabu mibonyezo. Mmoja akisahau kubonyeza mara moja, hesabu ya saa na ya ubao zimeachana.

Mwisho, muda wa pande mbili ukitofautiana, wekeni saa baada ya wachezaji kukaa, si kabla. Wakibadilishana viti, dakika 5 zinaenda kwa mwenye nyeusi na hakuna anayeona. Mwamuzi awaonyeshe wote wawili uso wa saa, ahakikishe nyongeza ya hatua ya kwanza imeingia pande zote au haijaingia kokote, maana saa hazifanani kwenye hilo. Kisha mwenye nyeusi anabonyeza.